Pipa la Wiski la Afande Masaba

Basi lilipotoka Jinja, Topista alifumba macho, si kwa usingizi bali apate kusikia vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, afande Masaba, mstaafu wa jeshi kutoka kambi ya Kimaka, alikuwa anamwonyesha jirani yake picha ya pipa kwenye simu. Jirani huyo alikuwa mama Nabifo, mpika waragi, ile pombe kali ya kienyeji, wa mtaa wa Malukhu.

"Hii wiski ni yangu, mama. Iko Uskochi. Niliuza ng'ombe na ulezi wote wa shamba, nikanunua."

"Utakunywa lini?"

"Si ya kunywa! Inakaa miaka kumi na mbili, bei inapanda yenyewe. Kile kiwanda ni hodari, hata punje moja ya shayiri haipotei."

"Na pipa halivuji?"

Afande akakohoa. Alikiri kwamba kila mwaka wiski inapungua kidogo, na wenye kiwanda wanasema inanywewa na malaika.

"Malaika!" Nabifo alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Mimi napika asubuhi, jioni imekwisha, na wanywaji wote nawajua kwa majina. Sasa Mbale unafuata nini, afande?"

"Tohara ya kijana wangu. Imbalu."

"Na pombe ya wageni, bila ulezi?"

"Nitawaeleza wazee habari ya uwekezaji. Wataelewa."

Topista, aliyeolewa Bugisu na kujua kwamba huko imbalu haifanywi bila pombe ya ulezi, alifumbua macho ili amtazame vizuri mtu huyo.

Basi likasimama Mbale. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wanamngoja afande kituoni, kila mmoja ameshika mrija wake wa kunywea pombe.