Mipaina ya Mama Kihwele

Mama Veneranda Kihwele anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kutunza misitu, Mbeya kwanza na kisha Iringa. Ofisini tunasema atastaafu yeye, mdomo wake utabaki kazini.

Tulioanza naye Iyunga, Mbeya, tunazikumbuka safari za soko la Mwanjelwa. Alikuwa akimuuliza muuza karoti shamba lake linamwagiliwa na mto gani, kisha anamweleza mto huo unaanzia msitu upi, hadi wateja wanahamia meza nyingine. Karoti zenyewe hanunui. Kwake huo ndio uchumi wa msitu: msitu ukiondoka, hata sokoni itajulikana.

Kijijini Ihemelo, Mufindi, somo hilo liligoma. Wanakijiji walitaka kufyeka msitu wa asili wapande mipaina ya mbao, kwani mipaina inasomesha na kujenga, na msitu ulikuwa haujampa mtu hata bati moja. Mzee Isaka, kiongozi wa hoja hiyo, alimkumbusha Mama mbele ya mkutano kwamba hata yeye Mama ana shamba la mipaina pembeni ya msitu huohuo, la kujengea nyumba ya uzeeni. Ilikuwa kweli. Kura ya kufyeka msitu au kuuacha ikaahirishwa.

Kabla haijapigwa, moto ulitoka mashambani ukapanda na upepo kuelekea msituni, kwenye chemchemi ya kijiji. Njia pekee ya kuuzuia ilikuwa kuuwahi, kuchoma kila kilichosimama kati yake na msitu. Kilichosimama hapo ni shamba la Mama, mipaina iliyokwisha komaa. Mzee Isaka alikuwa na kijinga cha moto mkononi, akaganda akimtazama Mama. Sote tuliogopa.

"Washa, baba," Mama akasema. "Mipaina inapandwa. Chemchemi haipandwi."

Katikati ya kuchoma upepo uligeuka, tukadhani tumepoteza vyote viwili, shamba na msitu. Kisha ukarudi, na mioto ikakutana ndani ya shamba lake, ikafia humo. Mama alilia, wala hakujificha.

Ihemelo wamepiga kura msitu usiguswe. Mzee Isaka amempa Mama kiwanja chini ya chemchemi, na tofali za nyumba kijiji kimezichoma kwa magogo ya mipaina ileile iliyoungua. Sisi wenzake tumeambiwa tulete mabati.

Mama, mabati haya hapa. Yahesabu kuwa yametoka msituni. Asante kwa yote, ukakae salama, na bomba la kwako lisikauke.