Chumba cha Ndani, Kitungwani

Salimu, ondoka mlangoni. Ukisimama hapo unanizibia upepo, na upepo ndio dawa pekee niliyobakiwa nayo. Njoo ukae mkekani kama wenzako, ukunje miguu, na hiyo saa ya mkononi uifunike kwa kikoi, maana tangu uingie umeitazama hiyo kuliko ulivyonitazama mimi mamako. Najua unachongoja. Unangoja maji yajae. Garama, yule mvunja mawe wako, na mashua yake wako mdomoni mwa mto Umba, na kesho asubuhi maji yakipanda watapanda nayo mpaka Kitungwani, wakaanze kubomoa magofu. Mwili wangu ndio uliolala, masikio hayajalala.

Dama, binti yangu, niinue mgongo kidogo. Chiku, mke wa mwanangu, wewe kaa papo hapo miguuni pangu, usiondoke hata nikikufukuza. Na sasa nisikizeni nyote, kwa sababu pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja. Atakayenikatiza nitamnyamazia mpaka nife, abaki kuuliza watu nilitaka kusema nini.

Nianze na mali, maana ndiyo mnayoiwaza, msinifanye mtoto. Shamba la minazi hapa Majoreni mtagawana kwa sheria, Mwalimu Iddi atawasomea mafungu, na sitaki mtu asogeze mpaka kwa kisingizio kwamba bibi aliwahi kumwambia hivi na hivi. Sikumwambia mtu kitu. Kitanda hiki cha kamba ni cha Chiku, ndiye aliyenigeuza juu yake muda wote huu bila kukunja uso. Usinune, Dama, wewe una kitanda cha mumeo. Chetezo na mrashi ni vyako wewe, na vina kazi yake, nitaifikia. Ile habari ya mbuzi wa Charo kula mihogo yangu, mwambieni Charo nimemsamehe mbuzi. Yeye bado.

Yamekwisha ya mali. Sasa ni Kitungwani.

Nyinyi mnapajua Kitungwani kwa siku moja ya mwaka, siku ya zuru, mwezi wa Shabani tunapovuka mto kabla ya kufunga. Mnaona magofu, mizizi ya mikuyu imekumbatia kuta, ngazi za mawe zinashuka majini na hakuna wa kuzishuka. Mimi nimezaliwa pale. Nimeziona ngazi zile zikiwa na utelezi wa nyayo za watu, wapagazi wakipandisha magunia ya mtama, wanawake wakioshea samaki daraja ya chini na wakitukanana kwa mafumbo daraja ya juu. Nimeolewa pale na baba yenu Sefu, katika ile nyumba kubwa inayotazama mto, nikapita kizingiti kile nimebebwa mgongoni kwa somo yangu aliyenifunda, uso umefunikwa. Halafu mto ukahama mkondo, bahari ikaingia, visima vikawa vya chumvi, na watu wakaanza kuondoka nyumba baada ya nyumba, wamebeba milango yao vichwani, kwa sababu mlango wa msumari hauachwi. Sisi tulikuwa karibu wa mwisho. Mlango wetu ndio huo uliokuwa umeuegemea, Salimu.

Sasa kumbukeni tunavyozuru. Tukishuka mtumbwini tunaosha miguu, tunatoa salamu, kisha wanaume mnamfuata Mwalimu Iddi makaburini kule kwenye nguzo za mawe, mnang'oa majani, mnasoma Yasini. Na wanawake? Wanawake tunaingia katika nyumba ile kubwa na kufunga upenu kwa mkeka. Mnasikia ufagio. Mnaona tumepanda na makapu ya mchanga mweupe wa mtoni. Mnanusa udi, na kila mwaka lazima atokee mpumbavu mmoja wa kusema, "Wanawake washaanza kujifukiza, leo zuru imekuwa harusi." Babako alikuwa akilisema hilo, akicheka peke yake. Wewe ulilirithi, Salimu, nawe unacheka vilevile, kwa pua. Nasi tulikuwa tukiwaacha mcheke. Tukitoka tunawapakulia wali, mnakula, mnashukuru, tunavuka kurudi. Katika maisha yangu sikuona mwanamume mmoja aliyeuliza nyumba isiyolala mtu inafagiliwa ya nini.

Sasa njoo kwenye zuru ya mwaka huu, ambayo mlinibeba kama gunia na mimi nikakubali kubebwa, kwa sababu nilitaka kupaona. Nimefika, nimewekwa ngazini, nikatazama juu na kuona mitaimbo imeegemezwa ukutani kwetu. Mitaimbo. Na kuta zimepigwa alama za chokaa, jiwe hili ndiyo, jiwe hili siyo, kama ng'ombe wa mnadani Kwale. Na huyo Garama akanijia na heshima zake zote, "Shikamoo mama, karibu kwako," ananikaribisha kwangu. Nikamwitikia marahaba, kwani yeye ni mtu wa kazi, hakuna alichonikosea. Nikakutazama wewe.

Ukasema nini, Salimu? Nitakusemea. Ukasema, "Mama, usiingiwe na hofu. Yule Mzungu anajenga nyumba ya wageni kule Diani, anataka mawe ya zamani, ndiyo anayoyapenda, na mimi ndiye nitakayesimamia kazi. Makaburi sikuyagusa. Nimemwapia Mwalimu Iddi kwa jina la Mungu, kaburi la Kitungwani halitaguswa, wala ng'ambo hii wala ng'ambo ile. Hizi ni nyumba tu, mama. Hazina mwenyewe, zina popo." Hivyo ndivyo ulivyosema, na ulisema kwa adabu, sikulaumu kwa hilo. Dama akakurukia, "Kaka, popo wana akili kukushinda, wao wanajua kwao," nawe ukamwambia yeye ameolewa bara kwa wenye ng'ombe, ya Kitungwani hayamhusu, na tangu siku hiyo hamsemezani, mnatumiana watoto kuombana chumvi. Mimi nikageuza uso nikatazama mto. Mkadhani ni ugonjwa.

Halafu ukamwambia Garama neno jingine. Hili hukujua kwamba nimelisikia. Ulikuwa umechungulia ndani ya nyumba, ukafika mpaka chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha, ukatoka ukasema, "Mawe mtakayoyatoa yapangeni mle ndani kwanza, pana mchanga safi, pameshatandikwa." Chiku alikuwa amenishika mkono. Angalia, alama ya kucha zake bado iko hapa.

Mchanga ule tunautandika sisi. Sasa nitakwambia mchanga huo umefunika nini, na nikisha kukwambia nitakuwa nimevunja agano la mama yangu na la mama yake, kwa maana jambo hili mwanamke humwambia mwanamke mwenzake akiwa anakufa, na mwanamume haambiwi kabisa.

Mtoto anayezaliwa kimya, asiyelia, hapelekwi makaburini na wanaume. Hana swala ya jeneza. Wanawake ndio wanaomwosha, ndio wanaomkunja katika kitambaa cheupe, ndio wanaomlaza. Watu wa Kitungwani waliwalaza ndani ya nyumba, katika kile chumba cha ndani, chini ya sakafu. Tulipohama tukaambizana kwamba hatuwezi kubeba milango tukawaacha wale. Tukaendelea kuwavusha. Mtoto akizaliwa kimya hapa Majoreni, wanawake wawili watatu wanachukua mtumbwi wakisema wanakwenda kukata kuni za mikoko, wanarudi na kuni kweli, na hakuna anayewauliza. Hatuweki tuta, hatuweki jiwe. Tunatandaza mchanga mmoja juu ya wote, ukae sawa. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu mwanamume akiona tuta moja atanyamaza, akiona la pili atakwenda kwa mganga, akiona la tatu atakwenda kuoa. Wazee wetu wa kike hawakusoma, lakini hilo walilijua, wakasema wasipewe kitu cha kuhesabu. Ndiyo maana hutaniuliza walioko mle ni wangapi, wala ni wa nani na nani. Wangu yumo. Babako alikufa hajui alipo, naye hakuwahi kuuliza.

Usiinamishe kichwa bado. Sijafika kwako.

Wakati wa vita vya Hitla ulikuwa Mombasa bandarini, unapakua meli za askari. Chiku alikuwa na mimba, ya kwanza ile, kabla ya hawa wanaokimbizana huko uani. Uliporudi ulimkuta amelala katika chumba hiki hiki, ukaniuliza pale ukumbini, "Yeye mzima?" Nikakwambia mzima. Ukaniuliza, "Na mtoto?" Nikakwambia Mungu amemtaka. Ukasema inna lillahi, ukakaa, ukaomba maji, ukanywa. Basi. Nikangoja. Wallahi nilingoja uniulize yuko wapi, na ungeniuliza sijui ningekujibu nini, agano au si agano. Hukuuliza. Kesho yake ukashika nyavu.

Mwanao yumo mle, Salimu. Nilimvusha mimi kwa mikono hii, na Chiku, akiwa hana nguvu hata ya kusimama, alishikilia aje nami mtumbwini. Chini ya mchanga ule uliousifu usafi. Mahali ulipomwambia Garama apange mawe.

Kaa. Nimesema kaa. Kulia utalia huko mtoni, hapa nina haraka.

Wala usimgeukie mkeo kwa macho hayo. Asubuhi nilimwomba ruhusa, naye alinigeuza ubavu, akanikunjulia shuka, ndipo akasema, "Mwambie, mama. Bora anitazame vibaya kuliko wambomoe." Mtu aliyesema neno lile hatazamwi hivyo. Na wewe Dama, acha kumtazama kakako kama umeshinda kesi. Hakujua. Hatukutaka ajue. Mtu humlaumu aliyekanyaga alipoonyeshwa, yeye hakuonyeshwa. Mtasemezana leo, humu humu, kabla sijafumba macho, mimi nikisikia. Msemezane hata kama ni kuulizana bei ya dagaa.

Maji, Chiku. Kidogo. Yatosha.

Sasa maagizo. Kesho maji yasikukute hapa. Utatangulia na mtumbwi, utamngoja Garama kwenye ngazi, umwambie nyumba ile na kuta zake zote hazibomolewi. Hutamwambia sababu. Atakucheka, atasema Mswahili hana neno, na Mzungu wa Diani atatafuta msimamizi mwingine, na lile lori ulilokuwa ukituelezea utaliona likiendeshwa na mtu mwingine. Najua. Ni kazi uliyoitaka sana, nilikuona ulivyokuwa ukiipigia pasi kanzu ya kwendea kwa Mzungu. Waambie mamako ana wazimu, amekulaani, sema lolote. Mimi fedheha hainifiki tena.

Na kama kesho utaweza kusimama, kesho kutwa hutasimama peke yako. Nisikize vizuri hapa. Nikifa msinizike Majoreni. Nivusheni. Mnizike Kitungwani, nje ya nyumba ile, mbele ya kizingiti, pale pale mwenye mtaimbo anapotia mguu wa kwanza. Mimi niwekeeni tuta. Niwekeeni na jiwe, kubwa, lionekane toka mtoni. Mwalimu Iddi atasema makaburi yako kule kwenye nguzo, mwambieni mama yenu Bi Mbeyu hajapenda majirani wa kule. Uliapa kaburi la Kitungwani halitaguswa. Vizuri. Nami nitakuwa kaburi. Tuone nani atapita.

Ila siwezi kujua nitakufa saa ngapi. Ndiyo inayonisumbua. Kesho ni yako, mwanangu, siwezi kukusaidia kesho.

Dama... mrashi na chetezo. Shabani ijayo utaongoza wewe. Umeolewa kwa wenye ng'ombe, umeolewa kwa wenye tembo, chumba kile ni chako. Utamfundisha na Chiku maneno ya kuingilia, sauti ya chini. Na mchanga... mchanga mwaka huo aubebe Salimu. Kapu moja. Afike nao mpaka mlango wa ndani, awape, asiingie. Mwanamume hajapata kuubeba. Abebe.

Nilazeni sasa. Polepole, mbavu hizo si za mbao.

Mungu awape... awape watoto wanaolia. Awape sauti zao ziwaudhi usingizi. Awafungulie riziki isiyo na mitaimbo. Mimi nina radhi nanyi. Wewe pia, Salimu. Sogea... sogea nisikupigie kelele.

Chiku alimpa mwanao jina. Mle mtumbwini, tukivuka. Mimi nalijua, lakini sikwambii. Geuka, mkeo yuko nyuma yako.

Muulize.