Mzee wa Kadi na Neno la Herufi Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kamusi, Mzee wa Kadi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kama mpiga taipu, akapanda hadi kuwa mhariri mwandamizi, na njiani akatufundisha sote sheria yake moja: kila neno liwe na kadi, kila kadi iwe na chanzo. Isiyo na chanzo aliirudisha mezani kwako bila hata salamu.

Maneno aliyafuata yanakotumika. Kwa neno "fuel" la kamusi yetu mpya ya Kiingereza na Kiswahili, alizunguka siku nne kwa mwokaji mikate, muuza mkaa na fundi magari. Alirudi na masizi shatini, mkewe akatupigia simu kuuliza kwani tumempa kazi gani. Lakini maana ilikamilika: kitu chochote kinachochomwa ili kupata joto au nguvu, kuanzia kuni hadi petroli, na kwa mafumbo, hata jambo linalochochea ugomvi.

Asili ya neno ndiyo iliyomponza. Februari hii, kurasa zikiwa tayari kwenda kiwandani kuchapwa, aligundua kwamba kadi ya asili haina chanzo, na mwandiko ni wake. Aliandika kwa kumbukumbu kwamba neno limetokana na jina la moto kwa Kifaransa. Vitabu vilisema vingine: lilipitia Kifaransa cha kale, sawa, lakini shina lake ni neno la Kilatini la meko.

Kama hiyo ilipita, alisema, zipo nyingine. Akataka kuzipitia upya kadi zake zote za mwaka alioiandika ile. Mkurugenzi alimsihi angoje toleo la pili, maana alijua jinsi Mzee alivyotamani kuishika kamusi kabla ya kuondoka.

"Mwanafunzi atakayeinunua mwaka huu hatasubiri toleo la pili," alijibu.

Alikuta nyingine kumi na tisa zisizo na chanzo. Kamusi ikasogezwa hadi Septemba, na lawama akazibeba peke yake.

Asante, Mzee. Kapumzike na mama na wajukuu, na chai yako sasa uinywe ikiwa ya moto. Utakuwa nyumbani kamusi itakapotoka, na hilo linaniuma kuliko wenzangu. Kila kadi huhakikiwa na mtu wa pili. Ile niliihakiki mimi. Nilitia sahihi bila kuisoma. Uliiona sahihi yangu, ukanyamaza. Mkurugenzi anazisoma habari hizi hapa kwa mara ya kwanza.