Nilivyomnyoosha Mama Maneno

Jumuiya, nawasalimu, na asanteni kwa kunipa nafasi. Mnanijua, mimi ni mtu wa kuzurura. Kutoka Litumbandyosi nilipanda lori la kahawa hadi Mbinga, nikakaa Songea, nikapasua mbao Njombe, nikauza viatu Iringa. Kila mahali niliulilia ukungu wa kwetu, na kesho yake nikasonga mbele zaidi. Miaka minne ilipita kabla sijafika Dar es Salaam.

Huko aliniajiri profesa mmoja wa lugha. Simtaji. Alikuwa akiandika magazetini na kusema redioni jinsi watu wanavyodharauliwa kwa rangi yao na kwa matamshi yao. Yeye mwenyewe, alipokuwa akisoma Ulaya, alipiga simu kutafuta chumba; waliposikia anavyotamka, wakamkatia. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sauti alizorekodi na kuziandika neno kwa neno.

Ndugu zangu, pale ofisini walinitania sana. "Hebu sema 'reli' tukusikie." Nikisema "leli", wanacheka hadi chai inawapalia. Mama mwenyekiti, usicheke, na wewe ni hivyohivyo.

Siku moja profesa akanituma huku nyumbani nirekodi wazee. Nikamrekodi na mama yangu. Alieleza kwa Kiswahili chake anavyolima ngolo, haya mashimo yetu ya mlimani. Mwishoni akasema, "Mwanangu analandalanda tu. Mwambieni aludi, nimechoka kumsubili."

Niliporudi mjini, nikaona aibu. Nikaandika "ngoro". Nikaandika "arudi". Wazee wote niliwanyoosha wakawa kama watangazaji. Kisha nikafuta zile sauti, wenzangu wasije wakamsikia mama.

Mvua zilipoanza, mama akafariki. Nilifika kaburi limeshafukiwa.

Niliporudi kazini, profesa akaniita. "Karatasi hizi zimefuliwa. Nipe sauti zenyewe." Nikamweleza yote. Akavua miwani.

"Bwana mdogo," akasema, "mimi walinikatia simu watu nisiowajua. Wewe umemkatia mama yako."

Nikaangukia kwenye pombe. Nawaambia kweli, nilikunywa hadi nikasahau siku. Dada yangu alinipigia kila jioni. Hakunilaumu. Alinieleza tu mahindi yamefikia wapi, mbuzi gani amezaa, kwa matamshi yaleyale ya mama. Jioni moja nilijikuta namjibu kwa Kimatengo chetu, nalia. Siku ile sikunywa, na hadi leo sijanywa.

Namshukuru dada. Nawashukuru ninyi mliomzika mama wakati mimi niko kwenye basi. Namshukuru profesa, ambaye hakunifukuza. Na wazazi nawaomba: mtoto aliyesoma akikucheka unavyotamka, usinyamaze. Endelea kusema hivyohivyo, akusikie.

Siku ya mwisho kabla sijaondoka mjini kurudi nyumbani, profesa aliweka karatasi zile mezani. "Kabla hujaenda, rudisha maneno yalivyokuwa."

Nilikaa kutwa nzima na kalamu. Nilisoma kwa sauti, nikikata herufi moja na kurudisha nyingine, mzee mmoja baada ya mwingine. Wenzangu walisikia, na hakuna aliyecheka. Nilipofika kwa mama, kulikuwa na neno moja ambalo sikukumbuka tena alilitamkaje. Nililisema huku na huku, kwa sauti ya juu na ya chini. Halikuja.

Pale nimeacha nafasi tupu.