Bi Kathini na Moyo wa Rubani Ndolo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Kathini Musembi anastaafu tarehe 30 Juni. Kituo chetu cha mafunzo ya marubani wa jeshi karibu na Sultan Hamud kitapoa kweli, maana amri yake ya kukaza miguu husikika hadi barabarani.

Alitoka Mbooni akiwa muuguzi wa kupima presha tu. Baadaye akakabidhiwa mashine ya kuzungusha marubani, kiti kwenye mkono mrefu wa chuma kinachokwenda kasi mpaka mwili unahisi uzito wake mara saba. Damu hushuka miguuni, moyo ukakosa cha kusukuma, na mtu huzimia. Kinga ni kukaza mapaja, makalio na tumbo, na kuvuta pumzi fupi fupi. Nimeona picha za moyo kwenye skrini mara nyingi, na bado mwili hunisisimka: moyo uliosinyaa unajaa tena kwa sababu mtu amekaza miguu!

Ndolo, kijana wa Migwani, alizimia mara mbili kwenye mashine hiyo. Angezimia tena, asingerusha ndege maishani. Tulishangaa, kwa vile ana nguvu za kutisha. Ndipo Bi Kathini alipomwona akinyanyua mtungi wa maji jikoni. Kijana alibana pumzi tangu chini hadi begani, kama alivyozoea kwao kwenye visima vya mchangani. Daktari Farhiya wa kituo chetu alithibitisha: kifua kikibanwa muda mrefu, damu hushindwa kurudi moyoni. Pumzi isibanwe zaidi ya sekunde tatu.

Wiki nzima Ndolo alifanyishwa mazoezi kwenye kiti cha plastiki, akikaripiwa kwa Kikamba kila alipojisahau. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya jaribio hakuna aliyecheka. Moyo wake ulipungua kwenye skrini, ukazidi kupungua, na Bi Kathini akawa anamhesabia pumzi kwenye kipaza sauti. Kisha moyo ukajaa. Ndolo alishuka akitembea mwenyewe. Bi Kathini alikwenda nyuma ya jenereta akalia, nasi tukajifanya hatujaona.

Asante, mama yetu. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na wajukuu watiifu. Jumamosi Luteni Ndolo atapita na ndege juu ya vilima vya Mbooni. Ukimsikia, usimhesabie pumzi. Kaa tu, umtazame.