Mama Miradie na Benchi la Zamu pale Mbayuwayu

Tarehe 31 Oktoba 2009, saa kumi jioni, Bi. Agathe Nabintu, ambaye sisi wote humwita Mama Miradie, alirudisha beji yake ofisini na kukamilisha misimu kumi na minane ya utumishi katika Bustani ya Michezo ya Kestrel Marsh, Walthamstow. Ukurasa wa Kiingereza wa programu hii ya kumuaga umeandikwa na ofisi, nao una vyeti vyote na vyeo vyote. Ukurasa wa Kiswahili nimeachiwa mimi, Bonface Njoroge, mpima urefu wa watoto, kwa kuwa waandalizi walipoulizana nani ana nafasi Jumanne, watu wote walinitazama.

Mama Miradie aliajiriwa Aprili 1992, miaka miwili baada ya kufika kutoka Bukavu, alikokuwa mshonaji. Msimu wa kwanza aliokota takataka. Msimu wa pili akawekwa kwenye mlango wa kutokea wa Mbayuwayu, ile treni ndogo inayopanda reli taratibu mpaka juu ya mierebi, ikasimama kidogo kana kwamba imesahau inakokwenda, halafu ikajiachia. Asubuhi ukungu wa mabwawa ulikuwa bado umelala chini, na ulichoweza kuona ni watu wakipanda ndani ya weupe na kupotea. Ulisikia vicheko tu, vikitoka mahali pasipoonekana. Mama Miradie alisimama pale chini na kuwapokea mmoja mmoja, kama watu wanaoamshwa usingizini.

Ndipo alipowaona wazazi wenye watoto wadogo. Mtoto asiyefika sentimita mia moja na ishirini hapandi, na kumkatalia ilikuwa kazi yangu. Basi baba alipanga foleni saa nzima, akapanda, akashuka. Mama alipotaka kwenda naye, ilibidi aanze foleni upya. Mara nyingi alitazama saa, akatazama mtoto anayelia, akasema, “Basi, twende zetu.” Mama Miradie aliniambia kwamba hao ndio aliokuwa akiwaota: wanawake waliokaa kwenye benchi na kutazama juu, midomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza muziki wa harusi ya jirani.

Mwaka 1994, bila kumwomba mtu ruhusa, alikata kadi za buluu kwa mkasi wake wa kushonea. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Familia nzima inapanga foleni mara moja. Wakifika langoni, mmoja anapanda, na mwenzake anapewa kadi, anapita pembeni na mtoto hadi kwenye benchi lililo karibu na mlango wa kutokea. Wa kwanza akishuka, anapokea mtoto, na wa pili anapanda papo hapo kwa kadi, bila foleni.

Na alikuwa na mashauri yake, aliyoyatoa bila kuombwa. Mwoga atangulie, maana akisikia mayowe ya mwenzake hatapanda tena. Nepi ibadilishwe kabla ya foleni, si katikati yake. Chupa ya maziwa ibaki kwa anayesubiri. Kuna baba mmoja aliyepanda nayo mfukoni, na watu wa viti vya nyuma hawajamsahau. Na anayepanda apunge mkono kwenye kona ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mtoto aliye kwenye benchi anaweza kumwona.

Miaka saba kadi zile zilifanya kazi kimyakimya. Aliyekaribia kuziua ni mwandishi wa maneno haya.

Agosti 2001 lilikuja kundi la kanisa moja la Peckham, watu wazima tisa na mtoto mmoja, Laurean, mwenye miaka miwili. Nilimpima, nikamkuta mfupi, nikauliza kama nilivyofundishwa: mzazi wa mtoto huyu ni nani? Mikono tisa ikanyooka. Palikuwa na mama aliyemzaa, mama mkubwa, mama wadogo wawili, baba mwenyewe, baba mkubwa, baba wadogo wawili, na mama wa ubatizo aliyeonekana kuwa mkali kuliko wote. Hakuna aliyedanganya. Kwetu Nyeri mimi mwenyewe nina akina mama watano. Nikatoa kadi tisa kwa moyo mweupe kabisa.

Wakapanda kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitokea benchini na kuchukua kiti, huku foleni ikisimama palepale chini ya jua. Laurean alipita mikononi mwa watu tisa kama sahani ya pilau. Watu wa foleni walipiga kelele, kisha wakaandika barua.

Meneja wetu mpya wakati huo alikuwa Bi. Kalpana, kijana, makini, asiye na mtoto wala subira na vurugu. Jumatatu alitoa tangazo: kuanzia Jumapili, kadi za zamu zinafutwa, na nafasi ya mlango wa kutokea inafutwa pamoja nazo. Nafasi nyingine haikuwepo. Kwa maneno mengine, kosa lilikuwa langu na anayefukuzwa ni Mama Miradie.

Nilimwendea nikiwa nimekonda kwa siku moja. “Papa Bonface,” akasema, “weye ulitoa kadi kenda kwa mutoto mumoja?”

Nikasema ndiyo, kenda, hata moja sikupunguza.

“Na wote walipanda?”

“Wote.”

Akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akafuta macho, akafunga vizuri kitambaa chake, akaenda ofisini. Mimi nilifuata nyuma kuungama. Ungamo langu lilikuwa refu, na nusu yake ilitoka kwa Kikuyu. Mama Miradie aliniambia nikae. Hakujitetea. Alimwomba Bi. Kalpana saa moja tu, na si ya ofisini, ya benchini.

Bi. Kalpana alikaa pale na karatasi zake. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Mwanamke mmoja alimkabidhi mumewe, aliyekuwa ametoka kushuka, kichanga chao, akakimbilia kiti, akainuka taratibu mpaka weupe ukammeza. Mume akabaki akitazama juu. Kona ya tatu mkono ukatokea peke yake kwenye ukungu, ukapunga, ukapotea. Kichanga kikacheka. Mke alipofika chini, nywele zote usoni, alikipokea kichanga. Walicheka, wakachukuana, wakaenda. Wakaja wengine, na wengine. Saa ikaisha, Bi. Kalpana hakuinuka.

Mwishowe akauliza: na wale tisa?

“Wale ni wazazi kweli,” akasema Mama Miradie. “Lakini mutoto ni mumoja. Andika kadi kwa jina la mutoto, itobolewe mara mbili. Wenyewe watachaguana.”

Jumamosi tangazo lilibanduliwa ukutani. Msimu uliofuata kadi yenye jina la mtoto na nafasi mbili za kutoboa ilitumika kwenye kila mchezo wa bustani, na imetumika mpaka leo. Mimi nilipelekwa mafunzoni.

Mengine ya Mama Miradie mnayafahamu: chai ya tangawizi kwenye chupa yake, Kiingereza chake ambacho watoto walikielewa kuliko wakubwa, na uvumilivu wake kwangu. Ila la siku ile ya mwisho wengi hamkuliona.

Bi. Kalpana alikuja na mumewe na binti yao Lila, wa miezi kumi na moja. Alikuwa likizoni, akapanga foleni kama mgeni yeyote, akapokea kadi. Sheria yetu inakataza mfanyakazi kumbeba mtoto wa mgeni. Kwa misimu kumi na minane watoto walimnyooshea Mama Miradie mikono, naye alifungia yake ndani ya aproni. Jioni ile alirudi kutoka ofisini bila beji, amevaa koti lake mwenyewe, akaketi, akafungua mikono.

“Leteni. Muende wote wawili.”

Bi. Kalpana alinitazama. Nikasema sioni mfanyakazi hapo, naona bibi amekaa.

Wakapanda pamoja, bega kwa bega, na treni ikawainua polepole juu ya mierebi, ndani ya ukungu wa jioni. Lila alikuwa ameshika kitambaa cha Mama Miradie, na wote wawili walitazama juu.

Asante, Mama Miradie, kwa kila mtu aliyepanda kwa sababu yako, na kwa kunibakizia kazi yangu. Siku zako zijazo ziwe tulivu na ndefu. Na popote utakapoketi, apatikane wa kukupokea ulichobeba, nawe upande.