Gerlinde Brüsehaver na Jumba la Retzenow, 1937–2018

Gerlinde Brüsehaver, ambaye leo Ijumaa tarehe 9 Februari 2018 tunamlaza kando ya mumewe, alizaliwa tarehe 12 Mei 1937 katika wilaya ya Belgard, Pomerania. Alikuwa mtoto wa kwanza wa seremala Emil Raddatz na mkewe Frieda. Baba alikwenda vitani na hakurudi. Mwezi Machi 1945 Frieda aliwafunika mablanketi wanawe wawili, Gerlinde na Hilde, juu ya mkokoteni, wakakimbilia magharibi mbele ya jeshi la Kirusi. Siku ya kumi na tisa farasi wao aligoma mbele ya lango la jumba la Retzenow. Mwenye jumba, mjane wa ukoo wa von Zernkow, aliwapa chumba kidogo kando ya ngazi. Mwezi uliofuata mjane naye alikimbia.

Tarehe 2 Mei, Hilde alifariki katika chumba kile kwa ugonjwa wa koo. Alikuwa na miaka mitatu. Siku zile watu walizikwa haraka, na kaburi lake halikupata alama. Gerlinde, aliyekuwa amebakiza siku kumi kutimiza miaka minane, aliamua kwamba jumba zima ndilo alama ya Hilde. Hakuwahi kubadili uamuzi huo.

Alisoma humo humo kuanzia mwaka 1946, kwa sababu sebule kuu iligeuzwa darasa. Mwaka 1947 ilikuja amri ya watawala wa Kirusi kwamba majumba ya makabaila yavunjwe, matofali wapewe wakulima wapya. Bawa la kushoto likavunjwa. Jumba lenyewe lilipona kwa kuwa familia kumi na nne zilikuwa ndani na hapakuwa na pa kuzipeleka. Frieda alimwambia aliyeleta amri, “Vunja, baba, lakini kwanza nionyeshe kitanda changu kitalala wapi.” Yule bwana akaondoka.

Baada ya kusomea ulezi wa watoto wadogo, marehemu alirudi Retzenow mwaka 1955 na kufanya kazi katika shule ya chekechea, iliyokuwa sasa ndani ya jumba, hadi ilipofungwa mwaka 1991. Waliolelewa naye, na wengi wao wamo humu kanisani, bado wanaweza kusema bila kukosea kwamba jumba lilijengwa mwaka 1781, kwamba mbele lilikuwa na madirisha kumi na moja, na kwamba ngazi ya mwaloni ilikuwa na vidato ishirini na kimoja. Aliwafundisha kuhesabu kwa vitu hivyo. Halikuwa jumba kubwa. Lilikuwa na ghorofa moja ya chini na vyumba vya juu ndani ya paa lenye miinamo miwili, na katikati pembetatu ya ukuta ambamo zamani palikuwa na saa.

Masika ya 1958 alikuja mwashi kijana, Hinrich Brüsehaver, kutengeneza dohani. Aligonga ukuta wa mbele, akacheka.

“Ukuta huu mwongo, dada. Nje lipu imechorwa mistari ujidai jiwe. Ndani ni magogo na udongo tu.”

“Na wewe fundi,” Gerlinde akamjibu, “nje unajidai nini?”

Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1959. Walijaliwa mtoto mmoja, Antje. Mwaka 1962, Hinrich alipokuwa akibandua karatasi kuukuu ukutani, walikuta chini yake korongo waliochorwa wakiruka juu ya mto. Aliweka patasi chini, akaenda kumwita mkewe, na siku hiyo hakufanya kazi tena.

Nchi mbili za Ujerumani zilipoungana, jumba liliuzwa mwaka 1993 kwa bwana mmoja wa mbali. Alikuja mara moja, akasifu, akabadilisha kufuli, hakuonekana tena. Vigae vilianza kuanguka upande wa kaskazini. Marehemu alimwandikia barua sitini na moja. Alijibiwa mbili. Mvua iliingia, na nyuma ya mvua akaja kuvu anayekula mbao, yule ambaye mafundi humtaja kwa sauti ya chini. Alipanda kutoka sakafuni hadi kwa korongo.

Tarehe 9 Novemba 2004, Gerlinde na Hinrich walipitia dirisha la ghala la chini, wakapanda darini na turubai la kuziba paa. Hinrich alikuwa na miaka sabini. Alikanyaga ubao ambao juu ulionekana mzima. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika.

Baada ya mazishi Antje alimwambia mama yake, “Nyumba ile imemuua baba.”

“Nyumba haikumuua,” Gerlinde akasema. “Ameuawa na mvua iliyoachwa iingie. Na mimi niliyemwambia twende.”

Neno hilo la mwisho hakulirudia tena mbele ya mtu. Aliendelea kuingia peke yake, akikinga mvua kwa ndoo, hadi magoti yalipokataa. Theluji ya Januari 2011 iliangusha nusu ya paa.

Tarehe 14 Machi 2016 baraza la kijiji lilipiga kura kuhusu jumba, ambalo mwenyewe alikuwa amelitelekeza. Mtoto alikuwa amevunjika mguu ndani ya magofu. Gerlinde alikaa kiti cha nyuma, gauni lake zuri la kanisani mwilini. Wajumbe watano walitaka jumba libaki, watano walitaka livunjwe. Aliyebaki alikuwa Antje. Aliinua mkono livunjwe.

Mlangoni mama yake alimwambia, “Umemzika Hilde mara ya pili.” Kwa miezi kumi na minane hakumsemesha.

Mwezi Septemba 2016 katapila lilifanya kazi siku moja na nusu. Marehemu alisimama barabarani muda wote. Wanawake wa kijiji walimletea kahawa na keki ya plamu, akashika kikombe mpaka kikapoa. Tangu hapo akaanza kupungua: kwanza chakula, kisha maneno, kisha kumbukumbu. Mwishoni mwa 2017 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu.

Antje alikuwa naye asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Februari. Mvua ilikuwa ikinyesha. Gerlinde alifumbua macho.

“Umefunga madirisha ya juu, mwanangu?”

“Nimefunga, mama.”

“Na ya upande wa bustani?”

“Hata hayo. Yote.”

“Haya,” akasema. Alifariki saa nne kasoro robo, akiwa na miaka themanini.

Antje hajui kama alisamehewa au alisahauliwa. Ndiye aliyeandika wasifu huu, na amemwomba mwanawe Jörn ausome kwa sababu yeye hawezi.

Gerlinde ameacha binti mmoja, mjukuu mmoja, vitukuu wawili, Lene na Mattis, na watoto mia tatu na zaidi wa chekechea ambao sasa ni watu wazima. Kwa ruhusa ya mchungaji, jina la Hilde Raddatz, 1942–1945, limechongwa chini ya jina lake kwenye jiwe lile lile.

Lala, Gerlinde. Umechoka vya kutosha.